Biskuti hurudia, karanga hukamilisha

Vitafunwa hivi viwili hugombea sarafu ya mtoto kila siku ya shule. Katika mlo ambao tayari umejaa wanga, kipi kinaleta kilichokosekana?

Mwaka 1989 mgawo wa karanga ulikatika katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wamekimbilia Malawi kukwepa vita vya nyumbani kwao. Mahindi yaliendelea kugawiwa. Baada ya miezi kadhaa wahudumu wa afya walianza kupokea watu ambao ngozi yao ilikuwa imepiga weusi na kubambuka kwenye mikono, miguu na shingo, sehemu zinazopigwa na jua. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra, ambao ukiachwa bila tiba huleta kuharisha, kuchanganyikiwa akili na mwishowe kifo. Kufikia mwishoni mwa 1990 wagonjwa walikuwa wamepita 17,000, na wanawake ndio walioumia zaidi.

Pelagra hutokana na upungufu wa niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yana niasini, lakini imejifunga kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuinyonya vizuri, isipokuwa yachemshwe kwanza kwa chokaa kama wafanyavyo watu wa Meksiko tangu enzi za mababu zao. Ndiyo maana mtu anaweza kula ugali mchana na usiku, akashiba, na mwili wake ukabaki na pengo. Pale kambini pengo hilo lilikuwa likizibwa na karanga. Gramu 100 za karanga zina takriban miligramu 12 za niasini, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 14 hadi 16 kwa siku. Karanga zilipokosekana, ugonjwa ukaingia.

Naanza na kambi hizo kwa sababu zinatufundisha namna ya kulinganisha vyakula. Thamani ya kitafunwa hutegemea kimekuja kuongeza nini juu ya vile ambavyo mlaji ameshakula. Mtoto wa Ulaya anayekunywa maziwa asubuhi na kula nyama jioni anaweza kula biskuti mchana na asipungukiwe na kitu kikubwa. Mtoto wa Singida, Kitui au Bukavu, ambaye mlo wake wa kutwa ni ugali, wali, muhogo au ndizi na mboga kidogo pembeni, yuko katika hali nyingine kabisa. Kwake, kile anachokula wakati wa mapumziko ya saa nne ni nafasi adimu ya kupata protini, mafuta na madini ambayo sufuria ya nyumbani haikumpa.

Na tunajua kwamba watoto wengi wanakosa. Utafiti wa hali ya afya nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 59 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miezi 59 wana upungufu wa damu. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, wenye upungufu wa damu ni asilimia 42. Takwimu hizo zina sababu nyingi, kuanzia malaria na minyoo hadi umaskini, lakini ulaji wa wanga mtupu ni mojawapo ya sababu kubwa.

Kwenye mizani

Tuweke mezani biskuti tamu za kawaida, zile za glukosi au za aina ya Marie zinazopatikana katika kila duka la mtaani. Chapa hutofautiana, lakini si sana. Gramu 100 za biskuti hizo hutoa kilokalori 440 hadi 460. Ndani yake mna wanga wa gramu 75 hivi, na katika wanga huo gramu 20 hadi 25 ni sukari. Protini ni gramu 7, mafuta gramu 12 hadi 15, na nyuzinyuzi mara nyingi hazifiki gramu 3.

Upande wa pili tuweke karanga. Gramu 100 hutoa kilokalori 567, protini gramu 26, mafuta gramu 49, wanga gramu 16 tu, na nyuzinyuzi gramu 8.5. Zina magnesi miligramu 168, madini ya chuma miligramu 4.6, zinki miligramu 3.3, na foleti nyingi, vitamini inayohitajika sana na mama mjamzito, ingawa sehemu yake hupotea zinapokaangwa. Korosho hukaribiana nazo: kilokalori 553, protini gramu 18, mafuta gramu 44, wanga gramu 30, na kwa madini zinazipita karanga, maana zina magnesi miligramu 292, chuma miligramu 6.7 na zinki miligramu 5.8.

Hakuna anayekula gramu 100 kwa mkupuo, kwa hiyo tupunguze hadi gramu 30, kiasi kinachojaa kwenye kiganja cha mtu mzima. Kiganja cha karanga kinatoa kilokalori 170 na protini gramu 7 hadi 8. Biskuti za uzito huohuo zinatoa kilokalori 135, protini gramu 2, na sukari gramu 6 hadi 7. Yai moja la kuku lina protini gramu 6 hivi. Hii ina maana kwamba mtoto aliyekula kiganja cha karanga amepata protini inayozidi ya yai kwa wingi, ingawa ya yai ni bora zaidi kwa mpangilio wa viambata vyake.

Sasa tulinganishe biskuti na kitu kingine ambacho mtoto huyo amekwisha kukila: unga wa sembe. Gramu 100 za unga wa mahindi uliokobolewa zina wanga karibu gramu 79 na protini gramu 7 au 8. Zitazame tena namba za biskuti. Ukiacha sukari na mafuta yaliyoongezwa kiwandani, kinachobaki ni unga wa ngano uliokobolewa, ambao kwa lishe ni ndugu wa sembe. Mtoto aliyekula ugali jana usiku, akanywa uji asubuhi na kununua biskuti saa nne, amekula kitu kilekile mara tatu, na mara ya tatu kimetiwa sukari. Biskuti inarudia. Karanga inaleta kile ambacho ugali hauna.

Mwenye pakiti mkononi anaweza kuyathibitisha haya bila maabara. Kwenye lebo, viambato hupangwa kwa uzito, kile kilicho kingi zaidi kikitangulia. Katika biskuti nyingi tamu utakuta unga wa ngano, kisha sukari, kisha mafuta ya mawese, na baadaye maziwa ya unga kidogo, chumvi, hamira ya unga na ladha. Picha ya ngano iliyokomaa au ya glasi ya maziwa kwenye karatasi ya nje haibadilishi mpangilio huo. Ukiona maziwa yametajwa karibu na mwisho, jua ni ya kuonja tu.

Hofu ya mafuta

Wapo wanaoogopa karanga kwa sababu ya mafuta. Mama anamwambia mwanawe zitamnenepesha. Mzee mwenye shinikizo la damu anaambiwa aziache kabisa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Lakini mafuta yana aina, na hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Mafuta yale yanayoganda, yaliyo mengi katika siagi, nyama nono na mawese, ndiyo ambayo yakizidi hupandisha lehemu mbaya katika damu. Katika gramu 49 za mafuta ya karanga, ya aina hiyo ni gramu 6 au 7 tu. Yaliyobaki ni mafuta laini ambayo moyo unayapokea vizuri. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo hutumika zaidi kwenye biskuti, karibu nusu yake ni ya kuganda. Biskuti yenye mafuta gramu 14 basi inaweza kuwa na mafuta ya kuganda gramu 6 au 7. Kwa gramu 100 za kila kimoja, biskuti isiyoonekana kuwa na mafuta na karanga zinazong'aa kwa mafuta hukupa karibu kiasi kilekile cha mafuta yanayotia wasiwasi. Tofauti ni kwamba karanga zimekuja na mengine mema juu yake.

Ushahidi wa kitabibu unaunga mkono hilo. Nchini Hispania utafiti uitwao PREDIMED uliwafuatilia watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya kupata magonjwa ya moyo. Kundi moja lilipewa gramu 30 za lozi, jozi na njugu za huko kila siku pamoja na mlo wa kawaida wa Mediterania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, yakapitiwa upya na kuchapishwa tena 2018, yalionyesha kuwa kundi hilo lilipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo kitokanacho na moyo kwa kiwango pungufu kwa takriban asilimia 30 likilinganishwa na walioshauriwa kupunguza mafuta. Nchini Marekani, uchambuzi wa wahudumu wa afya karibu 119,000, uliochapishwa pia 2013, ulionyesha kwamba waliokula njugu na karanga kila siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi cha ufuatiliaji, pungufu ya asilimia 20 kuliko wasiozila kabisa. Utafiti wa aina hii ya pili hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba karanga ndizo zilizowaokoa, kwa kuwa wapenda karanga huenda pia wanatembea zaidi na kuvuta sigara kidogo. Lakini ukiungana na ule wa Hispania, ambao watu waligawiwa makundi kwa bahati nasibu, unakuwa na uzito.

Kuhusu unene, mwili hauzimalizi kalori zote za njugu. Zikitafunwa, sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya kuta za chembe zake na kutoka na choo. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipopima lozi mwaka 2012 walikuta kwamba mwili ulipata kalori pungufu kwa karibu robo ya zile zilizoandikwa kwenye lebo. Biskuti haina kizuizi hicho. Unga umesagwa, sukari imeshayeyuka, na kazi ya meno imeshamalizwa na kiwanda.

Sukari inavyopanda na kushuka

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walianzisha kipimo cha kuonyesha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu. Glukosi yenyewe ilipewa 100. Karanga huwa karibu na 14. Biskuti tamu mara nyingi huwa kati ya 55 na 70. Walimu wanaijua tofauti hii hata bila kipimo. Mtoto aliyekula kitu kitamu peke yake huchangamka kidogo na njaa humrudia mapema, wakati protini, mafuta na nyuzinyuzi hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya mlo mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni takriban gramu 25, vijiko 6 vya chai. Pakiti ya gramu 100 ya biskuti tamu inaweza kukaribia kumaliza kiasi hicho, kabla hujahesabu chai ya asubuhi, juisi ya boksi na soda ya Jumapili. Mtoto mdogo, ambaye mahitaji yake ya nguvu ni madogo, hufikia ukomo mapema zaidi.

Meno nayo yana kesi yake. Biskuti ikitafunwa inageuka uji mzito unaonata kwenye mianya ya magego, na bakteria wa kinywani hugeuza sukari na wanga huo kuwa tindikali inayokula jino. Karanga hazinati namna hiyo wala hazina sukari ya kuongezwa, labda ziwe zimefanywa kashata.

Chakula dawa

Kama kuna mahali ambapo karanga zimekwisha kutoa ushahidi wao mbele ya dunia, ni katika wodi za watoto wenye utapiamlo mkali. Mwaka 1996 daktari wa lishe wa Ufaransa, André Briend, akishirikiana na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, alitengeneza ujiuji mzito wa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Kabla ya hapo mtoto aliyekonda kupita kiasi alilazwa kwa wiki kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu, ambayo yakichanganywa na maji machafu humletea maradhi mengine. Ujiuji wa karanga hauhitaji maji, hauhitaji kupikwa, na bakteria hawastawi ndani yake kwa sababu hauna unyevu. Mama anaweza kumlisha mtoto nyumbani. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kuunga mkono tiba hiyo ya nyumbani, na leo katika zahanati zetu inajulikana kwa jina la chakula dawa.

Pakiti hiyo ina sukari na maziwa pia, na hilo linafaa kusemwa wazi. Karanga hazikufanya kazi hiyo peke yake. Protini yake ina upungufu wa lisini, kiambata ambacho mahindi nayo yanakikosa, na maziwa ndiyo yanayoziba upungufu huo. Nyumbani kazi ya maziwa inaweza kufanywa pia na maharage, choroko, kunde au dagaa. Ugali na kisamvu kilichoungwa karanga, ukiongeza dagaa pembeni, ni mlo ambao mtaalamu wa lishe yeyote atausaini. Bibi zetu waliupika bila kufundishwa na yeyote.

Haki ya biskuti

Biskuti haikuwa adui tangu mwanzo, na kuna mambo ambayo inayafanya vizuri. Ni kavu, haivundi, hubebeka, na ubora wake haubadiliki kutoka pakiti moja hadi nyingine. Aina ya Marie ilianza kutengenezwa London mwaka 1874, kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi na mtoto wa malkia wa Uingereza, na imedumu kwa sababu ni nyepesi tumboni. Mgonjwa asiyeweza kula kitu kizito, mjamzito anayetapika asubuhi, msafiri wa basi la kutwa, wote biskuti huwasaidia. Tena unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania na Kenya unatakiwa kisheria kuongezwa madini ya chuma na foliki asidi, kwa hiyo biskuti iliyotengenezwa kwa unga huo haiji mikono mitupu.

Zipo pia biskuti zilizotengenezwa kwa kusudi la lishe. Zile za dharura za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zina kilokalori 450 kwa gramu 100, protini isiyopungua gramu 10, sukari iliyodhibitiwa, na vitamini na madini yaliyoongezwa. Hii inaonyesha kwamba kiwanda kinaweza kutengeneza biskuti bora kikitaka. Zile zinazojaa madukani kwetu zimetengenezwa kwa kufuata ulimi na bei, na si vibaya kuzila kama burudani. Ubaya huanza pale burudani inapogeuka kuwa mlo wa mchana wa mtoto siku tano kwa wiki.

Sumu isiyoonekana

Anayewasifia wazazi karanga bila kuwaeleza sumukuvu anawadanganya. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyokuwa na ukungu. Ndipo wanasayansi walipoigundua sumu inayotolewa na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Sumu hiyo huharibu ini, na mtu anayeila kidogokidogo kwa miaka mingi huwa katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Ikiwa nyingi kwa mara moja huua. Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nayo ilipoteza watu kwa sababu hiyohiyo. Karanga humea kuvu huyohuyo. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisitisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga baada ya sumukuvu kuzidi kiwango. Kiwango kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya chakula.

Kukaanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Ulinzi mkubwa uko shambani, ghalani na kwenye ungo. Karanga zivunwe zikikomaa, zianikwe juu ya turubai au kichanja badala ya udongo, na zikaushwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 8 kabla ya kuwekwa kwenye gunia. Mkulima asizilowanishe maganda ili kurahisisha kubangua, maana maji hayo ndiyo yanayomwamsha kuvu. Zikifika jikoni, zichambuliwe moja moja. Sehemu kubwa ya sumu huwa kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zilizovunjika. Tupa hizo, wala usiwape kuku. Karanga chungu itemwe, hata mbele ya wageni.

Hapa pia ndipo karanga zilizosagwa za bei poa zinapotia mashaka. Punje mbovu haionekani ikishasagwa, na baadhi ya wafanyabiashara huzipeleka mashineni hizohizo zilizotolewa kwenye ungo. Mwenye nafasi anunue karanga nzima, azichambue, azikaange na azisage mwenyewe.

Lipo pia suala la kupaliwa. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga au korosho nzima, kwa kuwa punje ikiingia kwenye njia ya hewa inaweza kumuua kwa dakika chache. Apewe zilizosagwa laini. Wachache wana mzio wa karanga, na kwao hata chembe ni hatari. Miaka mingi wazazi wa nchi za Magharibi walishauriwa kuwachelewesha watoto kula karanga ili kuepuka mzio huo, hadi mwaka 2015 utafiti wa London uliohusu watoto 640 walio katika hatari ulipoonyesha kinyume. Waliozianza kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata mzio kwa kiwango pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Kwetu, ambako karanga huingia kwenye uji mapema, ushauri unabaki ule wa kliniki: maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo, kisha karanga zilizosagwa ziingie polepole katika uji. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyokithiri au mzio mwingine aonwe na daktari kwanza.

Zao liko mlangoni

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, ili kuwapatia mafuta ya kula raia wake waliokuwa bado wanakula kwa mgawo baada ya vita. Matrekta yalishindwa na visiki na udongo unaokauka kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wakulima wadogo wa Dodoma, Tabora na Mtwara hawakuhitaji mradi huo kujua thamani ya karanga, na mpaka leo wanalima. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimewatolea mbegu bora kama Pendo na Mnanje.

Korosho ina hadithi nyingine. Ilitoka Brazili ikaletwa na Wareno, ikashika mizizi Mtwara, Lindi na Ruvuma, lakini sehemu kubwa ya mavuno yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza na kazi yake ni ngumu. Matokeo yake korosho iliyobanguliwa ni ghali kwa mtoto wa mkulima wa korosho. Mpaka viwanda vya ndani viongezeke, karanga ndizo njugu za mwananchi wa kawaida. Pamoja nazo ziko njugu mawe, zenye protini karibu gramu 19 kwa 100 na mafuta machache, na kweme za Kilimanjaro ambazo Wachaga huwapa wazazi waliojifungua.

Tufanye nini

Kwa mzazi, hatua ni chache na zinafanyika. Kiganja cha karanga za kukaanga bila chumvi nyingi, au za kuchemsha, kiingie kwenye mfuko wa mtoto wa shule mara tatu au nne kwa wiki, pamoja na chungwa, embe au ubuyu, kwa kuwa vitamini C ya matunda huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma ambayo karanga zenyewe huyang'ang'ania. Kwa mdogo, kijiko kimoja au viwili vya karanga zilizosagwa vitiwe kwenye uji ukiwa jikoni. Zisagwe kando na nafaka, maana mafuta yake huchacha haraka yakikaa ndani ya unga. Mwenye shinikizo la damu azile bila chumvi, na asile kopo zima kwa kukaa.

Kwa mwenye duka, kifuko cha karanga safi kikae mahali ambapo jicho la mtoto hutua kwanza, pale pale zilipo biskuti.

Lakini mzigo huu tusiwaachie wazazi na wauza duka peke yao. Mzazi hana kifaa cha kupima sumukuvu. Kamati ya shule inayonunua magunia ya mahindi na maharage kila muhula inaweza kununua pia gunia la karanga kutoka kwa chama cha wakulima wanaozikausha vizuri, na halmashauri inaweza kuhakikisha gunia hilo limepimwa kabla halijafika jikoni. Dawa ya kibayolojia ya Aflasafe, inayozuia kuvu mwenye sumu shambani, imesajiliwa Tanzania tangu 2018. Maofisa ugani wawafikishie wakulima wa karanga pamoja na maturubai. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kumtibu mtoto aliyedumaa, ambaye hata akitibiwa hairudishi miaka miwili ya kwanza aliyoipoteza.

Malawi karanga zilipokosekana, ilichukua miezi tu kwa maelfu ya watu kuugua, ingawa mahindi yalikuwa yakigawiwa. Watoto wetu hawako kambini na karanga zipo sokoni. Kuziacha zipite na kuwajaza wanga juu ya wanga ni uamuzi, na uamuzi huo uko ndani ya uwezo wetu kuubadilisha kuanzia muhula ujao.